Kupanda chopa juu ya milima ya barafu ya Greenland: maandalizi ya mtu wa Mombasa

Tangu nirudi watu wananiuliza, wengine kwa simu, wengine wananishika tu njiani hapo Majengo, nilifikaje Greenland na je ile chopa haitishi. Basi nimeona niandike yote mara moja, na nianze na lile ambalo mimi mwenyewe hakuna aliyeniambia: kule juu kuruka ni kudogo, kungoja ndo kukubwa. Mimi nilingoja siku tatu kwa ajili ya dakika kumi. Ukilikubali hilo kabla hujakata tiketi utajua pesa yako uiweke wapi, siku zako uziweke wapi, na mlango wa chopa ukishafungwa mkononi uwe na nini.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Dada yangu ameolewa Copenhagen, na mwaka huo shemeji alikuwa na kazi ya miezi miwili Tasiilaq, mashariki ya Greenland, dada akamfuata, akanipigia akaniambia njoo mwezi wa nane, hutapata nafasi nyingine kama hii. Tasiilaq ni mji wa watu kama 2,000 hivi na ndio mkubwa kuliko yote upande ule. Lakini hauna uwanja wa ndege. Ndege inatua Kulusuk, kisiwa cha jirani, halafu kutoka pale unavuka kwa helikopta. Kwa hiyo ile chopa kwa wenyeji si starehe, ni kama sisi na feri ya Likoni, mtu anapanda kwenda hospitali, anapanda na shopping yake, anapanda na mtoto mchanga. Ukiingia na hilo kichwani utakaa kwa adabu yake, hutajiona wewe ndo mgeni wa heshima.

Njia niliyopita mimi ni Mombasa, Nairobi, Copenhagen, Iceland, Kulusuk, na hicho kipande cha Iceland mpaka Kulusuk ni kama masaa mawili tu. Wewe ukitaka chopa ya kutembezwa tu, unapaa unazungushwa unarudi, angalia Ilulissat upande wa magharibi, pale kuna mto wa barafu, yaani barafu nene inayoteleza kuelekea baharini, unaitwa Sermeq Kujalleq ambao ni miongoni mwa ile inayokwenda kasi sana duniani, na lile eneo liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004. Upande huo sasa kufika ni rahisi kuliko zamani manake uwanja mpya wa Nuuk, mji mkuu, ulifunguliwa tarehe 28 Novemba 2024 na ndege kubwa za kutoka Copenhagen zinatua moja kwa moja. Mashariki bado ni chopa.

Visa usiifanyie haraka. Greenland iko chini ya ufalme wa Denmark lakini haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, so ile visa ya Schengen peke yake haikufikishi. Unaomba kwa Denmark, ubalozi wao uko Nairobi, na hakikisha kwenye ile stika imeandikwa wazi kwamba inakubaliwa Greenland. Afu kuna jambo la pili ambalo wengi linawapiga chenga: Iceland imo Schengen, ukitoka pale kwenda Kulusuk umeshatoka, na ukirudi unaingia upya, kwa hiyo omba visa ya kuingia zaidi ya mara moja la sivyo utakwama kurudi. Bima nayo isome yote. Schengen wanataka isiwe chini ya yuro 30,000, lakini wewe tafuta mle ndani jina la Greenland lenyewe, na tafuta kama inalipa kubebwa mgonjwa kwa ndege, manake kule barabara ya kutoka mji hadi mji hakuna kabisa.

Sasa tuje kwenye kungoja, na hapa nitakaa kidogo.

Wakala mmoja wa tiketi hapa mjini alinipangia kila kitu kimebanana, nitue Kulusuk mchana, nivuke mchana uleule, na kurudi vilevile, nikifika Iceland nina masaa machache tu ya kubadilisha ndege. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini mipango ile ni ya mtu anayefikiria basi la kwenda Malindi. Wazee wetu wa majahazi wasingepanga vile hata siku moja. Nahodha hakukwambia tutang'oa nanga Jumanne, alikwambia kusi ikishika, na majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi yakaondoka na kusi, hakuna aliyebishana na upepo. Chopa ya Greenland ni jahazi. Kwa hiyo kila upande wa safari, kwenda na kurudi, weka siku mbili au tatu tupu ambazo hujaahidi mtu kitu, na pesa ya kulala hizo siku uwe nayo mfukoni, na ile tiketi ya ndege kubwa nunua inayobadilishika hata kama ni ghali kidogo. Mimi sikuwa na hizo siku, ikabidi tiketi ya kurudi ninunue upya, na iliniuma.

Kinachozuia chopa ni nini hasa? Watu wanadhani ni baridi, ati injini itaganda. Siyo. Hewa ya baridi ni nzito, na mapanga ya chopa yanapata cha kushika vizuri kuliko hewa ya hapa Mombasa mwezi wa pili ambayo ni ya moto na nyepesi. Mashine zenyewe zina uwezo mkubwa, zile ndogo aina ya AS350 ambazo leo zinaitwa H125 ndo zilezile Mfaransa Didier Delsalle alitua nayo juu kileleni Everest tarehe 14 Mei 2005. Kinachozuia ni kuona. Kwanza ukungu, manake kiangazi hewa yenye uvuguvugu inapita juu ya bahari iliyojaa barafu, inapoa, inageuka wingu linalokaa chini kabisa juu ya maji, unaamka asubuhi huoni hata ile nyumba ya pili. Huo ndo ulinifunga mimi. Pili kuna mawingu yenye vitone vya maji ambavyo ni baridi kupita kiasi lakini bado havijaganda, vikigusa panga vinaganda hapohapo, panga linapoteza umbo lake, chopa inakuwa nzito na inatetemeka, na chopa ndogo hazina kifaa cha kujisafisha, so rubani hawezi kuingia mle kabisa.

Halafu kuna upepo, na upepo wa kule wana jina lake, piteraq. Hebu fikiria umande wetu, ule upepo wa usiku unaotoka bara kwenda baharini ambao wavuvi wanatoka nao alfajiri. Sasa piga picha bara yenyewe ni bamba la barafu lenye unene wa zaidi ya kilomita 3 katikati, hewa iliyo juu yake imepoa mpaka imekuwa nzito kama maji, inaanza kuteleza kushuka, inaingia kwenye mabonde, bonde linaibana, na inatokea pwani kwa nguvu ya kimbunga. Tarehe 6 Februari 1970 piteraq iliupiga mji wa Tasiilaq, zamani ukiitwa Angmagssalik, ikavunja nyumba nyingi sana. Siku hizi wanatoa onyo mapema na watu wanafunga milango wanakaa ndani. Mara nyingi ni majira ya baridi, kwa hiyo ukienda Julai na Agosti uko salama zaidi, ingawa huko hakuna wa kukuapia kuhusu hewa.

Na la mwisho ni weupe. Hili ndo kubwa na ndo gumu kumweleza mtu wa Pwani. Mawingu meupe juu, theluji nyeupe chini, mwanga umetawanyika hakuna kivuli chochote, basi mbingu na ardhi zinakuwa kitu kimoja, hujui mlima uko mbali au uko puani. Wavuvi wetu wanajua kitu cha karibu na hicho, siku ya shwari yenye ukungu mwepesi ambapo bahari na mbingu zinaungana na ngalawa ya mbali inaonekana inaelea hewani. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya abiria aina ya DC-10 iliyotoka Auckland kwenda kuwatembeza watu juu ya Antaktika iligonga mlima Erebus, wakafa wote 257. Chini ya mawingu hewa ilikuwa safi, wanaona mbali, lakini mteremko mweupe chini ya wingu jeupe haukuonekana kama mlima, na njia yao kwenye kompyuta ilikuwa imebadilishwa bila marubani kuambiwa. Kwa hiyo chopa ikikumbatia ukuta wa mwamba mweusi, ukaona kama inakaribia mno, usiogope, rubani anatafuta kitu cheusi cha kushika kwa jicho. Na akikwambia leo haturuki, au mkiwa katikati akageuza akarudi, mshukuru. Usimbembeleze. Usimwambie umetoka mbali.

Pale uwanjani Kulusuk, chumba kidogo, watu tumekaa na mabegi yetu, palikuwa na bibi mmoja anafuma soksi. Siku ya pili nikamuuliza kwa ishara, nikaonyesha mlango, nikaonyesha juu. Akaangalia dirishani, akasema "immaqa", akaendelea kufuma. Baadaye nikaambiwa maana yake ni labda, na nikagundua wanaitumia pale ambapo sisi tunasema inshallah, kila mpango wa kesho unamalizika na hilo neno. Lile chumba lote halikuwa na mtu hata mmoja amekasirika. Nikatulia.

Kwa sababu utangoja, swala zako zipange kabla. Sisi Mombasa tumezoea kibla kiko kaskazini, karibu kaskazini kabisa, na mwili umeshazoea hivyo. Kule unaelekea mashariki. Dira ya sumaku nayo kule haisemi kweli, inapotoka kwa nyuzi nyingi kwenda magharibi, kwa hiyo tumia ramani au programu inayohesabu kaskazini halisi, na uichukue ikiwa inafanya kazi bila intaneti. Kiangazi mwezi wa sita usiku wenyewe haufiki, jua linazama kidogo tu na mwanga haukatiki, na ukienda juu zaidi kama Ilulissat jua halizami kabisa kwa wiki nyingi. Isha na alfajiri zinakuwa suala, na wanachuoni wana kauli zaidi ya moja, so muulize sheikh wako ukiwa bado hapa, usingoje kufika ukaanza kutafuta fatwa kwenye simu isiyo na network.

Nguo. Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, yule mmishonari Johannes Rebmann aliyekuwa anakaa hapa Rabai aliona weupe juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wa msafara wake alipoulizwa ule weupe ni nini alimjibu "baridi" tu. Huko Ulaya wasomi hawakumuamini kwa miaka, lakini mimi nalipenda lile jibu kuliko maelezo yote, manake kwa mtu wa huku kitu chenyewe ni baridi, hiyo theluji ni mavazi yake tu. Basi jiandae na baridi, usijiandae na picha za theluji.

Habari njema ni kwamba nguo nzito bei rahisi ziko hapahapa. Nenda Kongowea kwenye mitumba, uliza majaketi ya baridi, mengi hayana mnunuzi kwa sababu nani atavaa jaketi la manyoya na joto hili. Angalia zipu kwanza, ifungue na kuifunga mara kumi, manake zipu ikikufia kule huna fundi. Ndani kabisa usivae pamba. Fulana ya pamba ukitoka jasho kidogo inashika maji, na ukisimama inakunyonya joto lote. Vaa sufu au ile nailoni nyembamba ya wanamichezo, juu yake sweta ya sufu, juu yake jaketi lisilopitisha upepo. Agosti kule mchana ni nyuzi 5 mpaka 10 hivi za Selsiasi, haionekani mbaya, lakini ukisimama kwenye upepo wa mapanga ni habari nyingine. Jaketi lisiwe limefura sana, manake viti vya chopa vimebanana na mkanda lazima ukushike kiunoni vizuri.

Glovu beba jozi mbili, nyembamba ndani, nene juu, na ufanye zoezi hili ukiwa nyumbani kwako: fungua friza, weka mkono mle na glovu nyembamba, halafu humohumo jaribu kutoa memori kadi kwenye kamera na kuirudisha. Mara ya kwanza itakudondoka kwenye samaki. Rudia kila siku wiki nzima mpaka vidole vijue njia bila macho. Mimi nilifanya hivyo na ndo kitu kilichonisaidia kuliko vyote.

Miwani ya jua si urembo. Theluji mpya inaweza kurudisha hata asilimia 80 ya ile miale mikali ya jua, inakupiga kutoka juu na kutoka chini, na macho yanaweza kuungua, usiku unahisi kama umemwagiwa mchanga. Chukua miwani iliyoandikwa 3 au 4 ndani ya mkono wake. Na sisi weusi tusijidanganye, midomo na pua zinaungua vilevile, paka krimu.

Siku ya kuruka kula kidogo, mahamri mawili na chai ya tangawizi kama umejibebea, usiende na tumbo tupu wala lililojaa. Utapimwa uzito, wewe na begi lako, na kiti utapangiwa kulingana na uzito, usigombane. Kwenye hizo chopa ndogo rubani anakaa kulia, kwa hiyo kiti cha mbele kushoto ndo kinaona kila kitu, ukipewa hicho sema alhamdulillahi, usipopewa basi dirisha la nyuma linatosha. Begi liwe laini, lisiwe sanduku gumu.

Kuikaribia chopa kuna sheria na hizi zisikie vizuri, nitazisema polepole. Usiende mpaka rubani au mtu wa chini, yule mfanyakazi wa pale uwanjani, akuangalie machoni na akuite kwa mkono. Unakwenda kutoka mbele au ubavuni, mahali rubani anakuona. Nyuma huendi kamwe, hata kama begi lako liko nyuma, hata kama kofia imerukia nyuma, manake panga la mkia linazunguka kwa kasi mpaka halionekani, unaona hewa tu. Kama chopa imetua kwenye mteremko, ingia na toka upande wa chini, usipande upande wa juu wa mlima kwa sababu ukipanda ardhi inakusogeza kwenye mapanga. Inama kidogo. Usinyanyue kitu juu ya bega, si fimbo ya kamera, si mwavuli, wala mtoto usimbebe mabegani. Chochote kilicho chepesi kishike au kitie ndani ya nguo. Mbele yangu alikuwa mama mmoja amebeba mikate kwenye mfuko wa plastiki, upepo ukaingia ule mfuko ukafura kama tanga, ukapasuka, mikate ikatawanyika kwenye changarawe, na yule mama wala hakugeuka. Hakuinama, hakukimbilia, aliendelea kutembea macho yake kwa rubani mpaka akapanda. Mtu wa chini ndo akaiokota. Hiyo ndo nidhamu inayotakiwa, na yule mama amekuwa nayo tangu utoto.

Kwa dada zetu: buibui usipande nalo likipepea. Lifunge kiunoni au vaa koti juu yake, ndani uwe na suruali, na hijabu itie ndani ya kola ya jaketi, pini zikaze, ncha zote zisionekane. Leso ya begani iache kwenye begi. Dada yangu alifanya hivyo na alipita salama, hata ile hedfoni ilimkaa vizuri juu ya hijabu nyembamba ya kunyoosha.

Ndani utaonyeshwa mlango unavyofunguka. Ukiangalie kile kitasa, ukiguse, ukumbuke kiko mkono upi na urefu gani kutoka gotini kwako. Ukipewa jaketi la kuelea usilijaze ukiwa ndani, unalijaza ukishatoka. Nasema hivyo kwa sababu chopa ikianguka majini inapinduka, uzito wake uko juu, na wewe mtu wa Pwani unaweza kuwa fundi wa kuogelea kutoka Nyali mpaka utakapo lakini maji ya kule yako karibu na sifuri, dakika ya kwanza pumzi inakukata, na kazi yako hiyo dakika ni kutuliza pumzi tu. Haitatokea inshallah. Lakini ujue.

Basi ikapaa. Mtetemo unauhisi kwanza kwenye nyayo, halafu kwenye meno. Haikimbii kama ndege, inanyanyuka wima kidogo, inainamisha pua, inaondoka. Chini kuna mlango wa bahari, maji meusi, na siwa za barafu, yale mapande makubwa yanayoelea, zimetawanyika, na ukiwa juu unaona kile ambacho wa kwenye boti hakioni, sehemu ya barafu iliyo chini ya maji, ile karibu tisa ya kumi iliyozama, inang'aa kijani kuzunguka ile nyeupe kama sahani chini ya kikombe. Juu ya siwa moja palikuwa na kidimbwi cha maji yaliyoyeyuka, na rangi yake, wallahi, ni buluu ya kufulia, ile tulikuwa tunatumwa dukani, umeitia kwenye beseni kabla hujakoroga. Barafu ya zamani iliyokandamizwa mpaka hewa imetoka inameza wekundu wa mwanga inaachia buluu, ndo maana nyufa ndefu kwenye mito ya barafu nazo ni buluu ndani. Mbele milima, meusi yenye ncha, na nyuma yake vilele vinavyotokeza peke yake katikati ya barafu, wenyewe wanaviita nunatak, kama vile majabali yanavyotokeza maji yakitoka.

Jicho litakudanganya. Hakuna mti, hakuna nguzo ya stima, hakuna cha kupimia. Niliona kipande cha barafu nikakadiria ni saizi ya tuktuk, afu boti ya watu ikapita kando yake ikaonekana kama punje ya mchele. Kwa hiyo kwenye picha tafuta kitu cha kumpimia mtazamaji, boti, nyumba, hata kivuli cha chopa yenyewe kinapopita juu ya barafu, hicho ndo kilinipa picha yangu bora.

Na kwa wapiga picha wenzangu, kazi ni ileile ya bibi harusi. Unajua vile kamera ikiona shela jeupe inaogopa inatia giza, gauni linatoka la kijivu? Theluji ni shela. Ongeza mwanga kwa hatua moja, hata na nusu, halafu angalia usiunguze weupe. Kasi isiwe chini ya 1/1000 kwa sababu ya mtetemo, na lenzi usiiegemeze kwenye dirisha, ikaribishe tu, ukiigusisha ule mtetemo wote unaingia kwenye picha. Ule mchujo wa kuondoa mng'ao uvue, dirisha la plastiki linatoa michirizi ya rangi. Vaa nguo nyeusi, manake nyeupe inajirudia kwenye kioo, na hapo mwenye buibui ametushinda wote. Betri za akiba ziwe mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza haraka. Ukisikia kichefuchefu weka kamera chini, angalia mlima wa mbali kabisa, pumua. Hata usiposikia kichefuchefu, dakika mbili za mwisho weka kamera chini.

Ukishatua kaa na mkanda wako mpaka uambiwe. Toka ulivyoingia, mbele, umeinama, umeshika vyako.

Kamera usiingie nayo ndani hivihivi. Sisi tunajua, ukumbi wa harusi wenye AC kali, unatoka nje kumfuata bwana harusi na lenzi yote imeingia ukungu, unafuta haifutiki. Kule ni kinyume chake na ni mbaya zaidi, kamera imeganda na nyumba ina joto, maji yanaweza kuingia mpaka ndani. Toa memori kadi ukiwa bado nje, kamera itie kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, ufunge kwa nguvu, ndo uingie. Huo mfuko uache sakafuni karibu na mlango, usiuweke juu ya hita. Mimi niliuacha masaa matatu, tukanywa chai, tukasimuliana, na nilipofungua lenzi ilikuwa kavu.